Upepo wa Tairi la Nyuma

...na plagi imelowa tena, nyeusi tititi, nilijua tu, oili niliizidisha asubuhi kwa woga, kaka yangu Yahya angecheka, angeniuliza Sumeya unachanganya petroli ama unapika pilau, na sasa spana inateleza mkononi, na watu ndio hao wameshajaa, injini haijapoa vizuri tangu izime hapa karibu na msikiti wa Ruiru na tayari nimezungukwa, mama wa ndizi ameacha ndizi zake, wanaume wamesimama na mifuko yao ya nailoni, hivi watu wa mji huu hawana kwao, pikipiki ikizima ni sinema, na msichana akiwa ndiye ameishika basi ni sinema ya bure... napangusa plagi kwa pindo la koti, koti la Yahya, bado lina harufu yake kwenye kola, mama alitaka kulifua nikalificha chini ya godoro, nachukua brashi ya waya, nasugua ile ncha polepole, usiikwaruze, alikuwa akiniambia, isugue tu mpaka ing'ae, na ninaisikia sauti yake karibu kabisa na sikio langu la kulia, upande ule aliokuwa akichutama tukifanya kazi pamoja uani kwetu Thika, mpaka nageuka, na aliye upande huo ni kijana mwenye kofia ya sufu ananiuliza kiti kiko wapi. Kiti kiko wapi, kiti kiko wapi, kila mahali ni hilo, kutoka Thika mpaka hapa nimeulizwa mpaka nimechoka, pikipiki hii haina kiti cha maana kwa sababu haikuundwa ikaliwe, iliundwa isimamiwe, unasimama juu ya vikanyagio unapanda mawe polepole, jiwe baada ya jiwe, bila kuweka mguu chini, mchezo wote ni huo, mguu wako ukigusa ardhi umeshindwa, lakini nani atasimama kandokando ya barabara aanze kuwaeleza watu hayo, nikamwambia kiti kimeibwa, wakacheka, sawa, wacheke... nyanya mmoja mwenye kikapu ananiuliza kwa heshima kabisa kama mimi ndiye wa serikali, yule anayeleta mbegu ya fahali kwenye chupa, maana ng'ombe wake anatafuta dume tangu jana na daktari hajaonekana, nikamwambia hapana nyanya, mimi si wa ng'ombe, akaitazama pikipiki akanitazama mimi akasikitika kwelikweli, akaondoka akijisemea kwa Kikuyu, na kwa nini asifikiri hivyo, wenye pikipiki huku ni mtu wa ng'ombe, polisi na padre, na mimi nimejifunga kitambaa ndani ya helmeti, padre siwezi kuwa. Yule wa kofia haachi, ananiambia siste panda huo ukuta basi tuone, ama hii kitu ni ya kusukumwa tu, na wenzake wanashangilia, panda, panda, panda... hivyo hivyo ndivyo walivyomshangilia Yahya siku ile kule machimboni upande wa Kiuu, Muigai rafiki yake aliyekuwapo aliniambia, wachonga mawe waliweka nyundo chini wakajipanga juu wakaanza kupiga makofi, panda, panda, na Yahya alichukia kutazamwa, jamani, alichukia, alitoka Thika mpaka machimbo yale ili awe peke yake na mawe, lakini wewe ukienda na pikipiki isiyo na kiti mahali popote katika nchi hii utafuatwa tu. Sitaki kulifikiria sasa. Nafikiria plagi. Plagi imeng'aa, irudishe kwa vidole kwanza, izungushe mpaka igome ndipo ushike spana, ukianza na spana utaharibu nyuzi za skrubu ndani ya silinda na hakuna silinda nyingine ya namna hii Kenya nzima, mzungu wa shamba la kahawa alimwachia Yahya alipohama akamwambia itunze, na aliitunza, chujio la hewa alilifua kila Jumapili akalikamua akalipaka oili, waya wa klachi alikuwa akiuning'iniza na kuudondoshea oili kutoka juu, tone, subiri, tone, mpaka itokee chini, na mimi nashika kopo... kisha akapanda lile jiwe kubwa la mwisho, ambalo alikuwa amelipanda siku nyingi zilizopita bila shida yoyote, na halikumpandisha. Iliruka, Muigai alisema, pikipiki iliruka kama mpira ikamtupa nyuma, chini, kwenye mawe yaliyochongwa, na yeye hakuweka hata mguu, Sumeya, hakujaribu kabisa, aliiachilia tu. Aliiachilia. Neno hilo Muigai alilisema akilia, hakuwa na nia mbaya, lakini lilitoka kwetu likaingia kwa jirani, na jirani akakumbuka kwamba Nadira, aliyekuwa mchumba wake, alikuwa ameozwa Eastleigh wiki ile ile, na kwamba Yahya alikuwa hali wala hasemi, na hawakukosea, alikuwa hali, alikuwa anakaa pale mlangoni anatazama mvua, mvua za ile El Nino, na neno likarudi kwetu limevaa nguo nyingine, alijiachilia. Alijiachilia! Kijana wa Kiislamu, mtoto wa mama yangu. Waliokuja kutoa pole walianza kupunguza sauti wakituona. Na mama tangu hapo akimaliza kuswali hainuki, anabaki pale kwenye mswala, mikono wazi, namwona midomo yake, hamwombei Yahya pepo, anauliza, anauliza kitu kimoja, ulifanya ama hukufanya, mwanangu, ulifanya ama hukufanya, na jioni pikipiki ya padre ikipita barabarani anaacha kukata mboga, kisu kimesimama, mpaka mlio uishe. Mimi pia nauliza. Ndiyo maana nimekuja, mama anafikiri niko mtaani Kahawa Sukari kwa Emmah nashonewa nguo, kumbe nimejifunza kisirisiri kwenye mawe ya mto Chania, nimeanguka mpaka magoti hayana ngozi, ili leo nifike machimboni nilipande jiwe lile lile na pikipiki ile ile, nijue kama linaweza kumtupa mtu asiyetaka kutupwa, na kama halimtupi... kama halimtupi basi nimejua, na sijui nikishajua nitaingiaje nyumbani, nitamtazamaje mama... kaza kidogo, inatosha, usikaze sana. Sasa watu wanasogezwa, kuna mzee anawasukuma kwa mgongo wa mkono, tokeni hapa, wacheni msichana apumue, ni yule fundi wa pancha aliye pale chini ya bati na karai lake la maji na vipande vya mpira, nimemwona nilipozima, wenzake wanamwita Githae, ana miwani iliyofungwa kwa waya, na Mungu ambariki maana wamerudi nyuma kweli, yule wa kofia ya sufu ameondoka anapiga mluzi, namwambia asante guka, ndivyo wanavyomwita babu huku, naye ameshainama kwenye tairi la nyuma, analibonyeza kwa kidole gumba, haya, nalo hilo linakuja, najua linalokuja, kila mtu mwenye macho lazima aniambie tairi halina upepo, mtu wa petroli Thika aliniambia, polisi wa kizuizi cha barabarani aliniambia, karibu anizuie, na mimi huwajibu iko sawa, iko sawa hivyo, kwa sababu tairi la pikipiki hii likiwa laini hulikumbatia jiwe, na likijaa halishiki, linadunda, Yahya alikuwa akilipima kwa kidole hivyo hivyo kila asubuhi kabla hajatoka, lazima libonyee...

"Hii tairi imelala, msichana wangu," anasema. "Utaharibu rimu. Ngoja nilete pampu."

Namwambia iko sawa guka, nimezoea kusema hivyo, mdomo unasema wenyewe, na yeye anacheka, anatikisa kichwa, anasema nyinyi watoto hamjui, na kijana mwenye hii pikipiki alikuwa hivyo hivyo, yule wa kuswali hapa, wewe ni dada yake ama, macho ni yale yale, nasema ndiyo, anasema nilijua, alikuwa akipita kila Ijumaa, anaegesha pale kwangu nimwangalilie, ananisalimia vizuri, ananipa mkono hata kama mkono wangu una gundi, si kama hawa wengine, na kila nikitazama tairi zake zimelala namhurumia, nafikiria labda hana kitu mfukoni na anaona haya kuniambia nimwekee.

"Sasa siku moja ameingia kuswali," anasema, "ile Ijumaa maji yalifunika daraja, nikachukua pampu nikamwekea. Nyuma na mbele. Zikasimama kabisa. Sikumwambia, kwa sababu angetaka kulipa."

Ile Ijumaa maji yalifunika daraja. Hakuna Ijumaa nyingine, maji yalifunika daraja Ijumaa moja tu, na ndiyo Ijumaa tuliyomsubiri na chakula mpaka Muigai akaja na viatu vya Yahya mkononi... nyuma na mbele, alisema nyuma na mbele, zikasimama, na alipima asubuhi kwa kidole, nilimwona, yalikuwa laini, kwa nini apime tena, nani hupima tena akitoka kuswali, na njia yote hadi Kiuu ilikuwa tope, kwenye tope huwezi kujua, tope lenyewe ni laini, unasimama juu ya vikanyagio na kichwa chako kimejaa Nadira na huko mbele watu wanapiga makofi wanataka uwapandie jiwe, panda, panda, ukapanda, nalo tairi likagusa likakataa, likadunda, iliruka kama mpira, Muigai alisema kama mpira, aliyasema yote mbele yetu tukasikia neno moja tu, na polisi waliikalia pikipiki kituoni siku nyingi hata nilipoipata matairi yalikuwa yamekwisha upepo yenyewe, yamelala, sikuwa na cha kuona... na mguu, hakuweka mguu kwa sababu alikuwa anacheza, huo ndio mchezo, mguu hauwekwi, angeuweka angeshindwa, alikuwa hataki kushindwa, mtu anayetaka kufa hawezi kujali kama mguu umegusa! Alikuwa anataka kufika juu. Yahya, ulikuwa unataka kufika juu, mama, alikuwa anataka kufika juu, nataka kuangua kicheko, nataka kuketi hapa kwenye vumbi nilie mbele ya mama wa ndizi, hakufanya, hakufanya, hakufanya... halafu namwona huyu mzee. Anarudi kutoka kwenye bati lake na pampu, anachechemea kidogo, ameishikilia kifuani, na nachukia mikono yake, kwa ukweli wa Mungu naichukia, vidole vyenye gundi, nani alikutuma, nani alikuomba, kwa nini watu wa nchi hii hawawezi kuona kitu cha mtu wakakiacha kilivyo, lazima wakiguse, wakitengeneze, ungeuliza tu, ungesubiri atoke msikitini ukamwuliza, angekuambia iko sawa mzee, angekuchekea, angekuwa leo ameoa mwingine. Nimweleze. Nina haki nimweleze, nimwambie guka, kaa chini, yule kijana alikufa siku ile ile saa ile ile kwa upepo wako, na nyumbani kwetu wanasema alijiua, na mama yangu anazeeka kwenye mswala kwa sababu yako, na yeye atavua hiyo miwani yake ya waya, namwona kabisa, ataivua, na hatajua aweke wapi mikono. Kisha atakaa hapo chini ya bati kila siku, na kila Ijumaa wakiadhini atakuwa akiwatazama wanaoingia, na naye atakuwa na neno lake la kuuliza, mpaka afe, na kwani litampunguzia mama nini, mama hakuuliza nani, hajawahi kuuliza nani, mama anauliza alifanya ama hakufanya. Nitamwambia leo leo, sitafika hata machimboni, nitageuza pikipiki nirudi, nitamkuta jikoni, nitamwambia mama hakufanya, matairi yalikuwa yamejazwa upepo na hakujua, na nitaita wale majirani wote nitawaambia hivyo hivyo, nitamleta Muigai aseme tena yote, na wakiniuliza yalijazwa na nani nitasema mtu wa njiani, basi, njia ni ndefu. Mzee amepiga magoti. Amepata kile kifuniko kidogo cha valvu amekitia mdomoni kisipotee, anaunganisha mpira wa pampu, anakitoa mdomoni aniulize.

"Na yeye siku hizi yuko wapi? Sijamwona tena. Nilisema labda alipata kazi mbali."

"Alihama, guka."

"Umsalimie sana. Umwambie Githae wa pancha."

Namwambia salamu zitafika, na sauti yangu inatoka sawasawa, sijui imetoka wapi, na yeye anatabasamu, anasema na hii usinilipe, msilipe nyinyi, na bado watu wametuzunguka, mama wa ndizi bado ameacha ndizi zake, mtu anauliza tena huko nyuma kiti kiko wapi, na huyu mzee ameinuka ananitazama anangoja, amekanyaga mguu wa pampu, niweke ama nisiweke, na nikishavuka daraja, mahali asipoweza kuniona, nitachutama nibonyeze valvu kwa kucha na kuutoa upepo wake, nyuma na mbele, polepole, mpaka yabonyee... weka, namwambia, weka guka, na naishika pikipiki kwa mikono yote miwili isiyumbe, apate kusukuma vizuri.