Masikio Kwenye Msumari

Sikio la kushoto la mfumaji lilibaki kazini siku ya Alhamisi. Aligundua jioni, alipovua kitambaa cha kichwa ili aoge: mahali pa sikio palikuwa laini kama goti la mtoto, hapana jeraha wala damu. Kesho yake alilikuta juu ya mashine yake, kando ya kopo la mafuta. Fundi mitambo alilifuta nyuzi za pamba, akalitundika kwenye msumari ukutani pamoja na ya wenzake. Mwezi haukuisha, la kulia likamfuata mwenziwe.

Ukumbi ule wa kufumia vitambaa ulikuwa na kelele za kutikisa meno, na watu wake walizungumza kwa midomo na mikono. Vifunika masikio vilikuwapo kabatini, vyekundu, vipya, ila vilikuwa vya wageni. Mfumaji aliwahi kuviomba. Msimamizi alitabasamu.

"Sikio halizidi kichwa, mama," alisema, naye mfumaji akayasoma maneno hayo midomoni mwake.

Laiti shida ingekuwa ukimya! Masikio yaliendelea kumsikilizia yaliyotokea kule kiwandani, na pale ukutani zamu ya usiku ilipokea ya mchana, mashine hazilali. Akipika, akisali, akijinyoosha kitandani, mfumaji alisikia mashine tu. Na nyumbani kulikuwa na mjukuu aliyeanza kusema. Mtoto alifungua kinywa, bibi akasikia mashine. Tena kila alipomwita aje apakatwe, mtoto alirudi nyuma na kujificha kwenye gauni la mama yake. Hilo lilimuuma kuliko masikio yenyewe. Alimuuliza bintiye, mtoto ana nini na mimi? Binti akatazama chini.

Siku moja aliyafunga masikio yake kwenye pindo la khanga akatoka nayo. Langoni kila mfanyakazi hupekuliwa, asije akaondoka na kitambaa. Mlinzi alifungua fundo, akatikisa kichwa, akayarudisha ndani bila ukali wowote.

"Mali ya kiwanda hiyo, mama yangu."

"Basi nimlete mtoto ndani?"

"Kuingia si tatizo. Shida ni kutoka."

Ikawa kila mchana binti anakuja na mtoto, wanakaa kivulini pa lango, wakingoja umeme ukatike. Ulikatika siku ya joto kali. Mashine zilikohoa, zikanyamaza, na mfumaji akasikia tone la mafuta likidondoka sakafuni. Alikimbia langoni, akamchukua mtoto, mama yake akifuata, akamsimamisha mbele ya ukuta wa masikio. Wafumaji wengine walisogea, kila mmoja karibu na msumari wake.

"HAYA, MUME WANGU! SEMA NA BIBI!"

Ndipo kwa mara ya kwanza akajisikia. Sauti ile iligonga bati la paa ikarudi, sauti ya mtu anayefukuza mbwa. Mtoto alikuwa ameshika pindo la gauni la mama yake.

"Bibi, usinigombeze," alisema.

Alikuwa na sauti nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya marehemu babu yake. Mfumaji alichuchumaa. Alivuta pumzi ili amjibu polepole, na umeme ukarudi.

Msimamizi alikuja mbio. Hakuwa mtu mbaya, alijua taratibu. Alifungua kabati, akamvalisha mtoto vifunika masikio vyekundu, vikamfika mashavuni.

"Mgeni siku mbili," alitania kwa midomo, akimpapasa kichwa, "siku ya tatu mpe jembe." Wafumaji wakacheka, kwa kuwa ni utani.

"Sikugombezi, mume wangu," bibi alisema, taratibu kabisa, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani. Mashine zilikuwa zimeshapamba moto. Masikio yake hayakuisikia, na ya mtoto yalikuwa yamefunikwa vizuri.

Langoni mlinzi alimpekua mtoto, akavichukua vile vyekundu, akavirudisha kabatini. Mfumaji alikuwa tayari kwenye mashine yake, akiunga uzi uliokatika.