Maji ya Kuteremka

Kila Jumanne saa moja asubuhi, mama mmoja, fundi cherehani wa miaka sitini na sita, alipanga vifungo kumi ukingoni mwa bwawa la kuogelea la manispaa. Kila alipokwenda na kurudi, alisogeza kimoja. Kwa miaka minne alijifunza kuinua kiwiko na kuvuta pumzi upande wa kushoto, mpaka magoti yakaacha kulalamika. Kifungo cha kumi alikuwa hajakigusa bado.

Ndipo mdogo wake wa kiume, mwalimu mkuu mstaafu, akaja na kofia mpya, akaingia njia ya jirani, ng'ambo ya kamba. Alipoanza kuogelea, maji yakainama kumfuata. Alikoelekea yaliteremka, na alipogeuka, mteremko nao uligeuka. Miguu yake ilipiga hovyo kama mtu anayefukuza kuku, lakini wiki ya pili alimaliza kumi. Upande wa dada yake maji yalipanda.

Kocha wa bwawa alileta pimamaji, ile ya waashi, akaona ni kweli, akaandika kwenye daftari la matengenezo. Akamshauri fundi apige miguu kwa nguvu zaidi, maana sasa anapanda mlima.

Wivu ulimkaba fundi, wala hakuuita jina jingine. Alitolewa darasa la tano ili ashone, mdogo wake asome. Alichuma juani, kivulini akala mwingine, na hilo alishalizoea. Bwawa, hata hivyo, alilipata mwenyewe, uzeeni, bila kugawana na mtu. Alitaka neno moja tu: mdogo wake akiri.

Wakijifuta kwenye benchi, akamwambia, "Mdogo wangu, maji yanakuteremkia wewe. Kwangu yanapanda."

Mdogo mtu akakamua kofia, akamtazama kwa huruma. "Dada nawe! Mimi najituma tu. Hata shuleni ilikuwa hivyohivyo."

Jumanne iliyofuata fundi aliomba njia ya mwisho, mbali kabisa. Huko maji yalikuwa tambarare, na mikono yake ikaenda vizuri. Kwa mdogo wake nako yakawa tambarare. Alifika katikati, akashika kamba, akihema.

"Dada, rudi huku bwana," akaita. "Peke yangu sichangamki."

Kocha alitazama pembeni. Fundi akapita chini ya kamba moja baada ya nyingine mpaka mahali pake, akaweka miwani sawa, akaanza kupanda.