Usukani wa Mwalimu Oswaldi

Fundi Bertilla alikuwa ameshatengeneza mashine za kusaga, pikipiki, hata kengele ya kanisa iliyogoma kulia siku ya Pasaka, lakini mashua hakuwahi kuigusa. Kwa hiyo alipofika kwa Mwalimu Oswaldi, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, akaikuta mashua ya tanga imeegemezwa magogo katikati ya mahindi, alicheka kabla hata ya salamu.

"Shikamoo Mwalimu. Unisamehe."

"Marahaba. Cheka tu, mwanangu. Mji mzima umeshacheka."

Mwalimu alikuwa amestaafu. Mashua aliinunua kwa mgeni aliyekuwa anahama Kasanga, kando ya ziwa, akaipandisha kwa lori ili aipake rangi nyumbani. Jumamosi ilikuwa airudishe ziwani, amtembeze mkewe Monika kwa kutimiza miaka arobaini ya ndoa. Tatizo lilikuwa usukani, gurudumu kama la gari ila kubwa zaidi, ambalo halikuzunguka mpaka walining'inie watu wawili.

Bertilla akapanda. Chini ya gurudumu aliona mnyororo kama wa baiskeli, umeungwa na waya mbili za chuma zilizopita kwenye makapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, chini ya sakafu mpaka nyuma, kwenye ule ubao wa majini unaogeuza mashua. Moyo ukamtulia. Mnyororo, waya, kapi: hivyo vyote alivijua.

"Kwanza tuwatenganishe wagomvi," alisema, akazifungua waya. Gurudumu likazunguka kama feni. Akashuka, akausukuma ubao kwa mkono, nao ukaenda laini. "Hawa wawili hawana kosa. Mchawi yuko katikati."

Alijipenyeza chini ya sakafu na tochi mdomoni. Nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo ndani ya kapi moja, ngumu kama tofali. Bertilla aliibandua kwa bisibisi, akatoka nayo kiganjani, uso wote vumbi, anacheka peke yake.

Halafu akapitisha kilemba chake taratibu juu ya waya za zamani. Pale nyuzi zilipokatika, kitambaa kilinasa. "Hizi zingekukatikia katikati ya ziwa, Mwalimu." Mpya zikanunuliwa mjini. Akazifunga, akadondoshea makapi mafuta, akazikaza kwa kiasi, maana zikilegea zitaruka, na zikikazwa mno usukani utakuwa mzito tena.

Ikabaki kujaribu. Mwalimu alisimama nyuma ya mashua. Bertilla, ili wasikilizane, alisimama mbele ya gurudumu, akimtazama.

"Nageuza kulia."

"Ubao umekwenda kulia. Safi kabisa."

Wakapeana mikono. Wala hakuna aliyefikiri kwamba walikuwa wametazamana, na kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwenzake.

Jumamosi, Kasanga, Monika na Bertilla wakiwa wamepanda pia, tanga lilishika upepo, na mashua ikaondoka ufukweni vizuri kama bata. Mwalimu, kofia kichwani, akageuza kulia kuukwepa mtumbwi uliotia nanga. Mashua ikaenda kushoto, moja kwa moja kuufuata. Akazidisha kulia. Mashua nayo ikazidi kushoto. Mvuvi aliyekuwa mtumbwini akasimama, akaweka kiganja mbele kama trafiki.

Bertilla alikumbuka yote kwa mara moja: mahindi, magogo, wao wawili wametazamana. Hofu na kicheko vikampanda pamoja.

"Mwalimu, waya nimezipishanisha. Geuza kinyume."

"Kinyume cha kipi?"

"Sogea, baba," alisema Monika. Alishika gurudumu, akaligeuza kushoto bila haraka, na mashua ikapita kulia kwa mtumbwi, karibu kiasi cha kumwamkia mvuvi. "Miaka arobaini namwambia huyu kulia, anakwenda kushoto," alimwambia Bertilla. "Hiki mimi nimekizoea."

Bertilla alikaa chini akicheka. Mwalimu alijaribu kununa, akashindwa, kofia ikamwanguka majini, na Monika akazunguka mara mbili kuifuata, kwa usukani ule ule wa kinyume, mpaka mumewe akaiopoa. Ndipo wakashusha tanga.

Mashua ikiyumba polepole, Bertilla aliingia chini ya sakafu, akazihamisha waya mahali pake. Safari hii alijaribu akiwa nyuma ya gurudumu, macho mbele, huku Mwalimu akichungulia ubao juu ya bega, naye amegeukia mbele. Kulia kukawa kulia kwa wote.

"Sasa shika wewe, fundi," alisema Monika.

"Mama, mimi hata kuogelea sijui."

"Si tunaendesha, hatuogelei."

Tanga likapanda. Bertilla aligeuza kidogo tu, kama anayegusa mtoto aliyelala, na akausikia mzigo wa maji ukipanda kwenye waya, ukipita kwenye makapi, ukifika mikononi mwake. Mashua nzima ikamtii. Akapiga kigelegele, na kule nyuma mvuvi wa mtumbwi akamwitikia kwa filimbi.