Mkato Katika Anwani ya Shangazi

Kazini walimwita Kibodi, kwa jinsi alivyozigonga herufi kama mtu anayetwanga. Yeye ndiye aliyetengeneza programu ambayo hospitali iliitumia kusomea kumbukumbu za wagonjwa. Kumbukumbu hizo zilihifadhiwa kwenye mafaili ya maandishi matupu: kila mgonjwa na mstari wake, kila taarifa ikitengwa na inayofuata kwa mkato. Programu iliyasoma na kuyapanga kwenye jedwali: jina, anwani, upasuaji, na mwisho kabisa mzio wa dawa.

Asubuhi hiyo hakwenda hospitali kikazi. Alimpeleka shangazi yake, aliyemlea tangu baba yake afariki, na ambaye kidonda chake cha mguu kilikuwa kimeanza kutoa usaha. Daktari aliagiza sindano ya penisilini. Muuguzi alishaivuta dawa, akageukia kompyuta ahakikishe, kisha akaangua kicheko.

"Mama, kumbe ulipasuliwa nyuma ya kiwanda cha matofali?"

"Nani kapasuliwa?" shangazi akang'aka. "Huko ndiko ninakoishi! Kisu cha daktari sijakionja hata siku moja."

Wakacheka wote wawili. Kibodi aliinamia skrini. Kwenye anwani paliandikwa "Nyumba ya bluu" tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa imerukia safu ya upasuaji, na neno "Hakuna" la upasuaji limehamia kwenye mzio. Mzio wenyewe ulisukumwa nje ya jedwali, hauonekani popote.

"Weka chini hiyo sindano! Dada, weka chini! Shangazi, ile dawa iliyokuvimbisha ulimi zamani ni ipi?"

"Jina lake silijui, mwanangu. Waliandika wenyewe hapa hospitali. Nikajua wanajua."

Kibodi alilifungua faili lenyewe. Penisilini ilikuwa imeandikwa pale, herufi kwa herufi.

Anwani ya shangazi ilikuwa na mkato ndani yake. Faili lilikuwa limeifunga kwa alama za kunukuu, ili programu isiukate mstari pale. Kibodi alikuwa ameiandikia programu namna ya kuzisoma alama hizo. Meneja wake akaiondoa kabla ya kwenda kuwaonyesha wakubwa wa hospitali, eti jedwali linachelewa kujaa. "Sitaki watu wazima wakodolee macho skrini tupu," alisema. Kibodi alibishana naye mpaka sauti ikakauka. Meneja akaapa kwamba maonyesho yakiisha atairudisha.

Alimpigia simu palepale.

"Hukuirudisha!"

"Punguza jazba, dada. Kwani huyo mama amechomwa?"

"Alishakunja mkono wa gauni!"

"Lakini hajachomwa. Basi tusikuze mambo."

Kibodi akakata simu bila kuaga.

Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, alishika kiuno. "Yule seremala," alisema polepole. Wiki iliyopita seremala mmoja alivimba koo baada ya sindano, akaponea chupuchupu. Walidhani ni kitu alichokula. Muuguzi akatafuta jina lake. Kwenye safu ya upasuaji palisomeka "mkabala na kituo cha mafuta."

Hakuna aliyecheka. Daktari aliamuru kompyuta zote zizimwe na majalada ya karatasi yarudishwe.

Kibodi alikwenda wodini, ambako seremala alikuwa bado amelazwa. Alimweleza mke wa seremala kila kitu, bila kupunguza. Mama yule alisikiliza, akajifunga khanga kiunoni, akauliza, "Huyo meneja wako anakaa wapi?"

"Nitakupeleka mimi."

Ofisini, meneja alinyanyuka na tabasamu lake la kupokelea wageni.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Mume wangu alikuwa anakoroma kama anachinjwa," mama akasema. "Wewe ulikuwa na haraka ya nini?"

Meneja akamwangalia Kibodi kana kwamba yeye ndiye angemjibia.

"Usinitazame mimi," Kibodi akamwambia mbele ya ofisi nzima. "Mjibu."

Kibodi aliketi akairudisha sehemu iliyoondolewa, akagonga kwa nguvu hadi wenzake wakasogeza viti. Hospitali ikakataa kumwona meneja tena, na kampuni ikampa kazi nyingine, ghorofa ya juu, chumba chenye dirisha kubwa zaidi. Wakikutana kwenye ngazi, meneja humwamkia Kibodi kwa uchangamfu. Kibodi hupita.