Kibao cha Kanisa la Mapatano

Siku ya mazishi ya mzee Jean-Baptiste, dada yake Tatiana alikuja kwa treni kutoka Lille akiwa na anwani mkononi, akazunguka mtaa ule mpaka ibada ikaisha. Alipita mbele ya lango zaidi ya mara moja bila kujua kwamba nyuma yake, ndani ya ua, watu walikuwa wakimwimbia kaka yake. Nje hapakuwa na kitu cha kumwonyesha: nyumba za matofali zilizobanana, mapazia meupe madirishani, na lango la kijani kama malango mengine. Alijua mahali kanisa lilipo alipoona gari la maiti likitoka.

Pasta Modeste hakuweza kuusahau uso wa mama yule. Kanisa lake, Kanisa la Mapatano, lilikuwa karakana ya zamani ya seremala, upande wa Ganshoren, pembeni mwa jiji, nyuma ya nyumba za watu. Walihamia hapo wakitoka kwenye chumba cha chini ya ardhi kule Saint-Gilles, upande mwingine wa jiji. Wengi wao walikuwa watu wa Bukavu na Uvira, wasafishaji wa maofisi, walezi wa wazee, wanafunzi. Walipaka karakana rangi, wakatundika mazulia mazito ukutani ili ngoma zisiwasumbue majirani. Miaka ikapita hivyo. Wao walikaa kimya, na mtaa nao ukakaa kimya.

Baada ya mazishi yale Modeste alitaka kibao. Kanuni ya mtaa wa makazi iliruhusu kibao kidogo tu, kilichobandikwa ukutani, kisicho na taa. Lakini kibao cha namna hiyo mtu hakioni mpaka awe amesimama mbele yake. Modeste alitaka kitokeze juu ya lango, kionekane tangu kituo cha basi, kama msalaba wa kijani wa duka la dawa pale kona. Kwa hilo ilibidi kuomba dérogation, yaani ruhusa ya kwenda kinyume cha kanuni kwa sababu maalumu.

Mke wake, Maman Pétronille, hakulipenda jambo hilo tangu mwanzo.

“Modeste,” alimwambia, “hapa tunaishi sababu hakuna muntu anatuangalia. Ukiomba, batakuya kuangalia.”

“Kanisa haiko kitu ya kuficha,” alijibu Modeste. “Tulikimbia ile maisha ya kujificha. Hapa tutaomba ruhusa kama batu bote.”

Pétronille hakubishana tena. Alikuwa amemjua mume wake katika kambi ya wakimbizi, wakati hakuwa na kitu ila ule ukaidi wake wa kutaka kufanya mambo kwa njia iliyonyooka, na ni huo huo uliomfanya akubali kuolewa naye.

Ombi likapelekwa ofisi ya manispaa. Tangazo jekundu likabandikwa langoni, kuwaalika majirani waseme wanaloliona. Kwa mara ya kwanza watu wa mtaa ule walisimama mbele ya lango la kijani wakasoma.

Kwenye kikao cha kusikiliza maoni, Modeste alivaa suti yake ya harusi za watu. Alieleza habari ya Tatiana kwa Kifaransa chake cha taratibu, na wakubwa wa mezani wakamsikiliza kwa heshima. Kisha akasimama Madame Viviane, jirani wa mkabala, mwanamke mzee aliyezoea kuwasalimia. Alisema hana neno na wanaosali. Jumapili husikia kuimba kwa mbali, na humpendeza. Ila kibao kitaleta magari, na ule ni mtaa wa kulala watu. Alipokaa alimtazama Pétronille kama anayeomba radhi.

Hapo mmoja wa wale wa mezani akafunua ramani, akauliza kwa upole: jengo la nyuma limeandikwa karakana, limekuwa kanisa tangu lini?

Pétronille aliinamisha kichwa. Alijua mume wake hatadanganya.

“Tangu tulipoingia,” Modeste alisema.

Hakuna aliyemkemea. Waliandika, wakamshukuru, wakamwita mwombaji mwingine.

Kibao kilikataliwa. Pamoja na jibu hilo likaja agizo kwamba jengo lirudi kuwa karakana. Kulifanya kanisa kihalali kulihitaji kibali kingine, mlango wa pili wa kukimbilia moto, kuta za kuzuia sauti, na saini ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakutaka kusaini chochote. Aliogopa, akawaomba watoke. Modeste alirudi ofisini kueleza kwamba wao ndio waliokuja wenyewe, bila kuitwa. Binti wa dirishani alimhurumia kweli. Alimwambia kwamba kama wasingeomba, hakuna mtu ambaye angelifungua lile faili.

Siku ya kuhamisha viti, Madame Viviane alivuka barabara, akamshika Pétronille mkono. Alisema yeye alikataa kibao tu, hakutaka wafukuzwe. Pétronille alimjibu kwamba anajua. Na kweli alijua, wala hakupata mtu wa kumkasirikia.

Walijaribu kusali sebuleni kwao. Jirani wa chini akagonga dari, wakaanza kuimba kwa kunong'ona, na watu wa kuimba kwa kunong'ona hawakawii kupungua. Wengine wakaenda makanisa makubwa ya wasemaji wa Kilingala, wengine wakabaki kitandani. Mwishowe Jumapili moja asubuhi hakuja mtu. Modeste alikaa mezani na tai yake shingoni, Biblia imefunguliwa, chai inapoa.

“Sema tu,” alimwambia mke wake. “Ulinionya.”

“Nitasema nini, Modeste?”

“Bon. Sema hata hiyo.”

Pétronille alimmiminia chai nyingine. Neno “nilikuonya” hakulisema, si siku ile wala baadaye, na Modeste aliendelea kulingojea kila walipokaa wawili. Kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi Pétronille walikuwa na upungufu wa watu siku za Jumapili. Miaka yote alikuwa amekataa zamu hiyo kwa ajili ya ibada. Siku iliyofuata Jumapili ile alimwendea msimamizi akamwambia sasa ataweza.