Mabati Makavu

Tangu askari wamtoe rais madarakani, Kimba Soumana hakuwa akisikiliza redio. Alikuwa akitazama mawingu.

Wenzake wa kijiji cha Goru Banda walikusanyika kwa mwenye duka kila jioni wakabishana. Wengine walisema askari wamefanya la maana, wengine walisema wamewaletea balaa, na wote walikuwa na hakika. Kimba alipita akawasalimu, akaenda zake. Yeye alikuwa na darasa lisilo na paa katikati ya masika, na hilo lilimtosha.

Darasa lenyewe lilijengwa kwa mapatano. Wafadhili, watu wa nchi moja ya mbali huko Ulaya, walikubali kutoa saruji ya msingi, mabati, na kenchi za chuma za kubeba paa. Kijiji kingetoa matofali na nguvu za watu. Basi kiangazi kizima wanaume walikanyaga udongo, wanawake wakabeba maji, na matofali mabichi yakaanikwa juani mpaka ukiyagonga yanalia kama chungu. Hakuna aliyetega. Darasa la zamani lilikuwa la mabua, na mwaka uliotangulia liliungua lote, saa ambayo kwa bahati tu watoto walikuwa wametoka kwenda kula. Tangu siku hiyo hakuna mama aliyetaka kusikia tena habari ya mabua.

Kimba, ambaye ndiye mwashi wa kijiji, akapandisha kuta. Zilisimama wima, pembe zimenyooka, na kila alipopita hapo alizipapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake.

Mabati yakaja, yakafungiwa stoo. Kenchi zikawa njiani kutoka bandari ya Cotonou, nchi jirani. Hapo ndipo askari walipofanya mambo yao. Nchi jirani zikafunga mipaka, lori la kenchi likakwama Malanville, ng'ambo ya mto wa mpakani, na wafadhili wakatangaza kwamba msaada umesimama mpaka rais arudishwe kwenye kiti chake. Vitu vyote vya mradi vikae vilipo. Kisiguswe hata kimoja.

"Askari wamemkosea rais," Kimba alimwambia mkewe, "mzungu amekasirika, na wa kuchapwa ni ukuta wangu."

Ukuta wa udongo mbichi ukiwa na paa unakaa miaka. Bila paa, mvua tatu nne nzito zinatosha kuurudisha ulikotoka. Mvua ya kwanza ilikula safu ya juu. Kimba akafunika kwa majamvi ya nyasi, upepo ukayabeba ukayatupa kwenye mashamba ya uwele. Akaongeza udongo pale palipolika, akafunika tena, upepo ukarudi. Na wakati wote huo mabati yalikuwa palepale, ng'ambo ya uwanja, ndani ya stoo, makavu, yamepangwa vizuri.

Ufunguo wa stoo ulikuwa shingoni mwa Nomau, aliyewekwa na mradi kuilinda.

Nomau alikuwa wa kabila la Wamauri wa upande wa Doutchi, Kimba alikuwa Mzarma, na makabila hayo hutaniana, kwa hiyo walikuwa watani tangu hawajazaliwa. Kila mmoja alimwita mwenzake mtumwa wake. Nomau alisimulia popote palipo na watu kwamba babu yake alimnunua babu yake Kimba kwa bakuli la kunde, na mpaka leo ukoo mzima unazililia zile kunde. Kimba naye alisema Wamauri wamejifunza kuvaa nguo juzijuzi, ndiyo maana bado wanazivaa vibaya. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwita mwenzake kwa jina.

Kwanza Kimba alimwomba kistaarabu. Nomau akamjibu kwamba mtumwa huomba chakula, haombi mabati. Kisha akashusha sauti, akamweleza kwamba ameonywa: likikosekana bati moja, mwizi ni yeye.

Siku chache baadaye mke wa Nomau akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba ikafika, kondoo akachinjwa, jina likatolewa, kokwa za kola za kutafuna zikagawiwa. Kimba akaenda kama ilivyompasa mtani, akakaa mahali pa mbele, akala kuliko wote na kulalamika kwamba nyama ni ngumu kama moyo wa mwenye nyumba. Nomau alipoinama kumwongezea, Kimba akatoa kisu, akakata kamba iliyokuwa shingoni mwake, akainuka na ufunguo mkononi.

Watu wakacheka. Ilikuwa haki yake. Mtani akikupokonya kitu mbele za watu unakigomboa, na ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako.

"Gomboa, mtumwa," Kimba akasema.

"Unataka nini tena? Kichwa cha kondoo si hicho umekikumbatia?"

"Nataka mabati."

Kicheko kikakatika. Nomau akawatazama wageni wake, kisha akatazama juu, upande wa mashariki, ambako mbingu ilikuwa imeanza kufanya weusi. Mashahidi walikuwa wamekaa mkao wa kula, nyumba nzima.

"Mtumwa wangu amenizidi ujanja," akasema hatimaye. "Chukua. Lakini bati likipata mkwaruzo nitakuuza sokoni Dosso, na sijui nani atanunua."

Bila kenchi mabati hayawezi kuwa paa, na Kimba hakujidanganya. Aliyalaza juu ya kuta, moja likifuata jingine, yakaning'inia kidogo ndani na nje, akayagandamiza kwa mawe na kuyafunga kwa kamba. Kuta zikawa zimevaa kofia na chumba kikabaki wazi. Watoto walilicheka lile darasa mpaka wakagaragara. Mvua ilipokuja, maji yalijaa ndani kama bwawa la bata, kisha yakatoka mlangoni, na kuta zikabaki kavu. Usiku ule Kimba alilala kama mtu aliyelipwa.

Illiassou alikuja kabla juma halijaisha. Alikuwa kijana wa ofisi ya mradi huko mji mkuu, Niamey, Mzarma kama Kimba, mwenye adabu, na safari hii alikuja kwa gari la abiria maana magari ya mradi nayo yalikuwa yamefungiwa. Wafadhili walitaka picha za kila stoo, waone kwamba vitu vyao vipo. Alilitazama darasa kwa muda mrefu kabla ya kusalimia mtu.

Kimba akamweleza yote, kuanzia mvua ya kwanza mpaka sherehe ya mtoto. Illiassou alisikiliza, na pale pa kamba kukatwa alitabasamu, maana na yeye ana watani zake. Kisha akafuta tabasamu.

"Mzee Kimba, mimi nimekuelewa. Watakaoziona picha hawatakuelewa. Wataona stoo tupu."

"Basi piga picha hapa. Mabati yote haya, yamekaa juu ya ukuta. Yahesabu."

"Nimetumwa kupiga mabati yakiwa stoo."

"Piga na ukuta."

"Ukuta sikutumwa."

Kimba akasema kwamba ukuta ndio mradi wenyewe, mabati ni nguo tu, na anayelinda nguo akamwacha mwenye nguo afe ana kichaa. Illiassou akakubali kwamba ni kichaa. Akasema aliwaandikia wakubwa wake hivyohivyo kuhusu kisima cha kijiji kingine, akajibiwa kwamba masharti ni masharti.

Nomau, aliyekuwa kando akisikiliza, akaingilia. "Kijana, andika mtumwa wangu ameyachukua. Mtu hamshtaki mtumwa wake."

Hakuna aliyecheka.

"Nikiandika hivyo, mzee Nomau, wewe utalala kwa polisi na Goru Banda itafutwa kwenye mradi. Siku mpaka utakapofunguliwa, kenchi zitapelekwa kwingine. Mabati yakirudi stoo leo, mimi sikuona kitu."

"Basi nitalala kwa polisi," Nomau akasema. "Nasikia mbu wa huko ni wakubwa kuliko Wazarma. Nitawazoea."

Kimba alimtazama kutafuta mzaha, asiuone. Mtu yule alikuwa na mke ambaye bado hajatoka uzazini, na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomshinda Kimba. Illiassou angeweza kubishana naye mpaka jua lizame. Wafadhili angeweza kuwatukana hadi mpaka ufunguliwe. Lakini mtani anayekubali kufungwa kwa ajili ya ukuta wako, hapo unafanya nini?

Akaweka ngazi, akapanda, akaanza kutupa mawe chini. Aliyatupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Watu wakaja kupokea mabati kimyakimya, wakayarudisha stoo, wakayafuta vumbi na tope kwa matambara ili yaonekane kama hayakutoka. Illiassou akapiga picha zake. Alimuaga Kimba kwa mikono miwili, kama mtoto anavyomuaga baba, na Kimba akampa mkono bila kumtazama. Kisha akaondoka kuwahi gari.

Mvua haikungoja hata siku iishe. Upepo ulikuja kwanza na vumbi jekundu, kisha maji yakamwagika kana kwamba kuna mtu juu amepindua pipa. Kimba na Nomau walijibanza kwenye kibaraza cha stoo. Kimba alikuwa amefunika kuta kwa majamvi yale yale, na majamvi yale yale yakaruka. Kona ya mashariki ikaanza kung'aa, kisha kunenepa chini, kisha ukuta mzima wa upande ule ukaketi taratibu, kama mzee anayetafuta kiti. Haukutoa mshindo. Mvua ilikuwa na kelele kuliko vyote.

Kimba alimtazama Nomau. Alikuwa akingoja. Miaka yote ile hajawahi kujikwaa mbele ya Nomau bila kutukanwa. Alipomzika baba yake, Nomau alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka alipwe, na waombolezaji wakacheka huku wanalia. Sasa ukuta wa Mzarma umeanguka mchana kweupe mbele ya macho ya Mmauri. Angalau tusi lake alistahili.

"Pole, Kimba," Nomau akasema.

Kimba akageuka kama aliyechomwa. "Usiniite jina langu."

"Basi nikuiteje?"

"Kama ulivyoniita jana."

Nomau akafungua mdomo. Alitazama tope lile linavyotiririka kuelekea njiani, akajikohoza, akafungua mdomo tena. Ukuta wa pili ukaanza kung'aa chini.

"Sema basi," Kimba akamwambia. "Sema, mtumwa wewe."