Unga wa Mwalimu Teddy

Chumba cha kompyuta cha parokia yetu hapa Nachingwea zamani kilikuwa stoo ya mahindi, na hata mwaka ule wa 2008 panya walikuwa bado hawajakubali kwamba mahindi yameondoka. Ufunguo nilipewa mimi, Letisia. Padri aliniambia kazi yangu ni kuwasha mashine, kuzima mashine, na kuwakemea vijana wanaotafuta mambo ya kipuuzi. Hilo la kukemea nililifanya kwa moyo wote. Sina mume wala mtoto wa kumgombeza nyumbani, kwa hiyo ukali wangu wote niliuleta kazini.

Swaumu alikuja siku ya soko, ndala zake zimejaa vumbi la kijijini kwao Mkotokuyana. Alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule ya kata ambayo haikuwahi kuwa na mwalimu wa bayolojia wala wa kemia, na matokeo yake yalikuwa kama unavyodhani. Alitaka kurudia mtihani ili aingie chuo cha uuguzi.

"Dada, nimesikia redioni kuna masomo ya bure kwenye intaneti."

"Vya bure viliisha enzi za Azimio la Arusha," nikamjibu. "Lakini kaa."

Tukatafuta, na kumbe kweli yapo. Hesabu, kemia, historia, muziki, hata ufugaji wa nyuki, yote yamewekwa wazi, na hakuna anayekuuliza wewe nani na una nini mfukoni. Shida ilikuwa mtandao wetu tu. Picha ya moyo wa binadamu ilishuka taratibu kutoka juu. Tukaona mishipa, tukanywa chai, tukarudi, ndipo tukauona moyo mzima. Swaumu aliushangilia kama mtu aliyetoka kuuzaa.

Masomo ya bayolojia yote yaliandikwa na mtu mmoja. Chini kabisa, kila somo lilimalizika kwa maneno haya: "Mimi ni Teddy. Ukikwama, niandikie." Sisi tukamwita Mwalimu Teddy. Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Akishaeleza jambo, huandika kwamba usipoelewa kosa si lako, ngoja alieleze kwa njia nyingine. Na kweli hulieleza tena, safari hii kwa mfano wa bomba la maji au sufuria ya uji. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, lakini Kiingereza ni Kiingereza. Basi nikawa nakaa pembeni ya Swaumu na kamusi, tunasoma mstari kwa mstari, mpaka mimi mwenyewe nikajua kazi ya figo bila kuulizwa na mtu. Tuliwahi kumwandikia Mwalimu Teddy swali kuhusu figo. Hakujibu. Nikasema anaringa, wa ng'ambo ndivyo walivyo, na tukaendelea.

Swaumu alifaulu. Chuo cha uuguzi Mtwara kikamwita aripoti mwisho wa mwezi. Nililia siku ile, nikasingizia vumbi.

Kisha akaja mama yake.

Mama Swaumu, jina lake Bi Mwamini, alizaliwa Matambarale kule Ruangwa, akaolewa Mkotokuyana. Aliingia na kuku kwapani, kifuko cha unga mkononi na kitenge kipya begani, bado kina mikunjo ya dukani. Hakutaka kiti. Swaumu alisimama nyuma yake, macho mekundu.

"Nataka nimwone Teddy," akasema.

"Mama, Mwalimu Teddy hayupo hapa. Yuko ng'ambo."

"Kamfundisha ntoto wangu, kachukua nini?"

"Hajachukua kitu. Ni bure."

Akanitazama kama nimemwambia mtoto wake kaibiwa. "Hakuna ntu anafundisha bure, mwanangu. Kungwi kamcheza ntoto, ntoto kaelewa, leo atoke tu? Kungwi hajatuzwa?"

Hapo nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Kwetu mwali wa unyago hatolewi nje mpaka kungwi wake apewe chake: kitenge, kuku na unga. Wapo wanawake waliotolewa bila kungwi kutuzwa, na mpaka leo wakivunja chungu tu, watu wanakumbushana. Bi Mwamini alikuwa amemsikia binti yake akimtaja Teddy asubuhi na jioni. Na akina Teddy ninaowajua mimi wote ni wanawake, kuanzia yule anayeuza vitumbua stendi. Kwa Bi Mwamini jambo lilikuwa wazi: kuna mwanamke mahali fulani amemfunda bintiye, na anangoja.

"Mama, kuku hapiti kwenye kompyuta," nikasema, sauti imeshapanda.

"Basi na ntoto hapandi basi. Shukrani ya punda mateke, na mimi si punda. Mpaka Teddy apokee, radhi yangu sitoi."

Nikamgeukia Swaumu. "Na wewe unasemaje?"

"Siwezi kwenda bila radhi ya mama, dada," akasema. "Nitamshikaje mgonjwa kwa mkono ambao mama hajauombea?"

Nilikasirika na wote wawili. Miezi yote ile, figo zote zile, halafu kitenge ndicho kifunge njia! Hata hivyo niliketi nikaandika barua pepe. Nikaeleza msichana ni nani, amefaulu, na mama yake ana kuku, unga na kitenge, anaomba kujua avipeleke wapi. Niliona aibu kuibonyeza iende, nikaibonyeza.

Jibu lilikuja baada ya siku chache. Nikatuma salamu Mkotokuyana, wakaja. Bi Mwamini safari hii alikaa kwenye benchi, kuku miguuni pake amefungwa kamba, nami nikawa nasoma na kutafsiri.

"'Mpendwa Letisia. Mume wangu Teddy...'"

"Mume?" Bi Mwamini akadakia.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Kumbe Teddy ni mwanamume."

"Kungwi mwanamume!" Akaweka mkono kinywani. "Na yale ya mimba, kayafundisha yeye?"

Swaumu akainamisha uso. "Yeye, mama. Na picha."

"Astaghfirullah," akasema Bi Mwamini, na nikaona mdomo wake unapambana na kicheko. Hata mimi nilikuwa karibu kucheka. Kisha macho yangu yakashuka kwenye mstari uliofuata, nikafunga kamusi.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Teddy alikuwa amefariki mwaka juzi. Aliyaandika masomo yale akiwa tayari mgonjwa, amekaa kitandani na mito mgongoni, kwa sababu alikuwa mwalimu na hakujua kazi nyingine ya kufanya na muda uliobaki. Alikuwa akisema labda kuna mtoto mahali fulani asiye na mwalimu. Mkewe alilipia ukurasa usifungwe, lakini sanduku la barua pepe la mumewe hakuwa na nguvu ya kulifungua mpaka juma lile. Ndani yake alikuta barua yetu, na nyuma yake, ile yetu ya zamani, yenye swali la figo.

Swaumu alilia kwa sauti, kama anayeliliwa ni mtu wa nyumbani kwao. Mimi nilikumbuka nilivyomwita mwenye maringo, kumbe mwenzangu yuko kaburini. Nilifikiri pia, Mungu anisamehe, kwamba sasa chuo ndiyo basi, maana kungwi aliyekufa atapokeaje kitenge?

Bi Mwamini alikuwa anamtazama kuku. Akauliza, "Mama yake anaitwa nani?"

"Mama ya nani?"

"Ya Teddy. Kama kafa, yuko na wafu. Wafu wanaitwa kwa mama zao. Nitamwitaje mimi?"

Nikaandika tena. Sikuona aibu safari hii. Nikamweleza yule mjane kwamba huku kwetu marehemu anayestahili shukrani humwagiwa unga na kutajwa jina, na jina haliendi peke yake, linakwenda na la mama. Alijibu siku ileile. Mama mkwe wake aliitwa Margaret, alikuwa akioka mikate, na ni miaka mingi hakuna mtu aliyemuulizia.

"Magreti?" Bi Mwamini akashangaa. "Nina jirani Magreti! Kumbe ni watu wa hapahapa."

Tukaenda Matambarale, kwao Bi Mwamini, kwa pikapu ya wanunuzi wa ufuta, sisi watatu na kuku. Msolo wa ukoo wao, mti wanaotambikia wafu wao, umesimama nyuma ya shamba la mihogo; kwa macho ni mti wa kawaida tu, huwezi kuujua kama hukuonyeshwa. Bi Mwamini alivua ndala. Akachota unga wa mtama, akaumimina chini ya shina taratibu, kidogo kidogo, mpaka ukasimama kama kichuguu chenye ncha. Akawaita bibi zake kwa Kimwera, mmoja mmoja. Kisha akageukia Kiswahili, nadhani kwa ajili ya mgeni.

"Na wewe Teddy wa Magreti. Hatujuani. Ulikuwa unaumwa, ukamfundisha ntoto wangu, hukuomba kitu. Unga wako huu. Bibi zangu, mpokeeni, ni mwenzenu, msimwache akae pembeni. Teddy, ntoto anakwenda kushika wagonjwa. Wewe ugonjwa unaujua. Akikwama, kaa naye."

Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa na kipaimara, na nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Swaumu alipiga magoti, mama yake akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, bado ina unga. "Radhi nimekupa. Nenda." Nywele za mtoto zikawa nyeupe, akaonekana ghafla kama mtu mzima sana. Kuku tulimla mchana pamoja na ndugu za Bi Mwamini.

Kitenge kilikuwa bado begani kwa Bi Mwamini. Tulipokuwa tunangoja gari la kurudi, nikamwambia kinaweza kutumwa kwa posta kwa yule mjane.

"Mjane nitamtafutia chake," akasema. Akakikunjua, akanifunga kiunoni mwenyewe, kwa nguvu, kama anayemfunga mtoto. "Kungwi aliyekufa kapata unga. Aliye hai anavaa. Yule kaandika, Letisia. Aliyekaa na mwali ndani ni wewe."

Nilitaka kusema mimi kazi yangu kuwasha na kuzima tu. Nikaishia kukaza fundo la kitenge. Kwetu kungwi hafutwi: msichana akiolewa ataitwa, akijifungua ataitwa, akifiwa ataitwa, na kungwi akizeeka, yule msichana ndiye atakayemletea maji. Nilikuwa mwanamke asiye na mtu, nikavishwa mtoto kando ya barabara ya Matambarale, mbele ya watu wa ufuta.

Jumatatu nilifunga chumba cha kompyuta bila ruhusa ya padri, nikamsindikiza Swaumu stendi. Nilikuwa nimevaa kitenge changu.

"Kungwi wangu," akasema, kwa mara ya kwanza, "nikifika nitakupigia."

Basi nikaanza. Asikae dirishani atapata mafua, asiazimishe shuka, asilale na njaa kwa kuona haya, asikubali kuitwa mjinga na mtu yeyote, na asipoelewa, aulize tena. Niligombeza mpaka basi likaondoka, na lilipokata kona nilikuwa bado nagombeza.